Mabinti wa Mkwajuni

Maralakoppalu, 18 Novemba 1993

Mwanangu Veni,

Wamefika. Juzi alfajiri nilisikia matawi ya mkwaju yakilalamika, nikatoka na kijiti cha mwarobaini mdomoni, nikawaona wari, wale ndege wetu wakubwa, wamejipanga huko juu na mifuko yao chini ya midomo kama wanawake wanaotoka sokoni. Leo sijui ni wangapi. Ukitazama juu sana unapewa zawadi ya usoni. Kempamma wa nyumba ya pili alikuja kunipongeza. "Mabinti zako wamerudi kwao kuzaa," akasema, "bado yule wa miguu miwili." Nikamwambia hawa nao wana miguu miwili, ahesabu vizuri.

Yule mchuuzi wa ukwaju alipita tena kutaka kununua mti mzima. Nilimpa maji ya kunywa, nikamwonyesha njia. Tangu enzi za bibi yake baba yako hatuangui ukwaju wakati mabinti wako juu, sembuse mwaka huu.

Chumba cha nyuma nimeanza kukipaka chokaa. Wewe nilikuzaa kwa mama yangu, naye alinizaa kwa mama yake. Mtoto wa kwanza hazaliwi ukweni, na mwezi wa saba wa mimba ukitimia utavishwa bangili hapa hapa uani, mikono yote miwili mpaka kiwiko. Najua mwaka mzima sikukuandikia kwa sababu ya ndoa ile. Babu yako aliwapa maji watu wa jamii ya mumeo Datta kwa kuyamimina kutoka juu, wao wamekinga viganja, asije akawagusa. Mimi nililelewa humo, na ujinga wa kulelewa nao hauoshwi kwa siku moja. Lakini umekwisha. Mwambie mkwe wangu ataingia jikoni kwangu na atakula pale alipokula baba yako. Ajifunze tu kuomba maji kwa Kikannada, la sivyo atakufa kwa kiu huku tunamtazama.

Nikuulize jambo, wewe unayesomea ndege huko Pune. Mwaka jana mwari mmoja alianguka kutoka kwenye kiota. Nilimtunza kama mzazi: mchuzi wa kitunguu saumu, pilipili manga, samli. Siku ya pili akafa. Nilikosea wapi?

Hiyo chokaa imenipa kikohozi. Nakunywa tangawizi.

Mama yako,
Ningamma

*

Pune, 1 Desemba 1993

Mama,

Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu maabarani mpaka wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa. Hukukosea, ila pilipili manga umempa asiyeihitaji. Yule ndege alikuwa ameshakwisha kabla hajaanguka.

Nitakueleza ninachokifanya, maana umewahi kuniambia kwamba hujui serikali inanilipa kwa kazi gani. Mwili wa ndege una ghala moja tu. Humo hutoka chakula cha mayai, na humo humo hutoka posho ya walinzi wanaopigana na maradhi. Msimu wa kutaga ukifika, mwili huwapunguzia walinzi posho ili mayai yapate. Mwari yeyote ana minyoo tumboni. Mwezi wa Agosti minyoo hiyo ni wageni wake tu, wanakula kidogo wananyamaza. Februari, anapolalia na kulisha, inageuka kuwa wenye nyumba. Ndege mwingine wa mti ule ule ambaye hakutaga mwaka huo hana habari.

Tena kuna homoni ya mfadhaiko. Ndege akishtuka inapanda ndani ya damu, naye anapata nguvu za kukimbia. Ni rafiki wa saa moja. Ikikaa siku nyingi, huo ni msiba: ama ndege anayatelekeza mayai yake, ama anaendelea kulalia na walinzi wanamwishia kabisa. Ndiyo maana nikimkamata mmoja natoa tone la damu chini ya bawa upesi upesi, kabla damu yenyewe haijajua kuwa imekamatwa.

Sasa mimi ndiye ndege. Daktari anasema damu yangu iko chini, nisibebe, nisihangaike, nisikae na wagonjwa. Kuna jambo sikukuambia. Mwaka ule ambao hukuniandikia nilipata mimba, ikatoka ikiwa ya miezi mitano. Sikulaumu, Mama. Daktari alisema hutokea tu. Nakuambia ili ujue kwa nini safari hii naogopa, na kwa nini sitaki kuzaa katika mji ambao hakuna mtu wa kunigombeza kwa lugha yangu.

Datta amekwisha kukata tiketi ya treni, mwisho wa Januari. Nataka kulala chini kwenye kile chumba, nisikie wale ndege wakigombana juu ya bati. Sina ombi lingine.

Mwanao,
Veni

*

Maralakoppalu, 27 Desemba 1993

Mahadeva mwanangu,

Barua hii isome peke yako, siyo kwa sauti mbele ya hao wenzako wa reli.

Kikohozi nilichokwambia hakikuwa cha chokaa. Wiki iliyopita nilitema damu. Nikapanda basi peke yangu mpaka hospitali ya Mandya, wakanipiga picha ya kifua. Daktari, kijana mdogo kuliko wewe, aliiinua dirishani, nami nikajua kwa uso wake. Ni kifua kikuu, mapafu yote mawili, na anasema nimekaa nacho muda mrefu. Amenipa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi mingi. Vinageuza mkojo kuwa mwekundu kama maji ya tambuu. Usilie huko Hubli. Nimekula miaka hamsini na minane, na chumvi ya kutosha.

Ukilia, lia kwa ajili ya dada yako. Nimeisoma barua yake mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Aliiandika juu ya ndege, lakini kila neno limenijia mimi. Anasema mwenye kubeba yai amewapunguza walinzi wake, na wagonjwa asiwakaribie. Nyumba yangu sasa ni ugonjwa kuanzia mlangoni mpaka kwenye vyungu. Akija namuua yeye, au mtoto, au wote wawili.

Utasema nimwambie ukweli. Nikimwambia atakuja. Unamjua dada yako, akisikia mtu anakufa anafika kabla ya daktari. Na asipokuja atakaa Pune akihesabu pumzi zangu usiku na mchana, na hofu ya namna hiyo ndiyo anayosema inatelekeza mayai. Mimba ya kwanza niliitoa mimi kwa kunyamaza kwangu, hata aseme nini huyo daktari. Hii sitaigusa.

Kwa hiyo nitamkasirisha. Utaniuliza, hasira si mfadhaiko? Ni mfadhaiko. Lakini mwenye hasira analia, anamtukana mama yake mbele ya mumewe, kisha anakula na kulala. Mwenye hofu halali. Kati ya mabaya mawili nimechagua lenye usingizi.

Unakumbuka ulivyoniwekea mkono kichwani baba yako alipofariki, ukaapa hutanikatalia jambo? Basi jambo lenyewe ni hili. Usimwambie dada yako, si kwa barua si kwa mdomo, maadamu mimi ni hai.

Mama

*

Maralakoppalu, 2 Januari 1994

Veni,

Nimebadilisha shauri. Usije.

Kwenye chumba cha nyuma nimeweka viwavi wa hariri. Bei mwaka huu ni nzuri, na nimekwisha chukua mayai yao. Wewe umekulia hapa, unajua kwamba nyumba yenye viwavi haizaliwi mtoto. Uchafu wa uzazi unawaua wote kwa usiku mmoja. Siwezi kuwahamisha.

Huko Pune kuna hospitali kubwa na mama mkwe. Rudisheni tiketi mapema mpate fedha zenu.

Ningamma

*

Pune, 13 Januari 1994

Mama,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipotania. Wewe hujawahi kufuga viwavi maishani mwako. Ulikuwa ukisema harufu yao inakutapisha.

Niambie nimekosa nini. Je, Kempamma amesema kitu? Wakubwa wa kijiji wamekuja kukutisha, kwamba mtoto wa Datta asizaliwe chini ya dari ya baba yangu? Niambie tu. Naweza kubeba jambo nikilijua jina lake. Mwezi wa kumi na moja uliandika kwamba ujinga ule umekwisha. Datta alinifanya nimsomee sehemu ile mara mbili, kisha akaenda kujifunza maneno ya Kikannada kwa mpishi wa hosteli. Sasa anajua kusema maji, ugali wa ulezi, na "asante mama".

Siku hizi anayasema akiwa peke yake bafuni, anadhani simsikii.

Miguu imevimba kidogo. Nitakuja hata nikalala barazani, ukiniambia njoo.

Veni

*

Hubli, 29 Januari 1994

Mama,

Dada ameniandikia kurasa nne. Sijamjibu, maana sijui uongo wa kuanza nao.

Jumatatu nilipata ruhusa nikaenda Mandya kumwona yule daktari wako. Nilimuuliza waziwazi. Amesema mgonjwa akimeza vidonge bila kuruka, baada ya wiki chache kwa kawaida haambukizi tena, na kwamba mwezi ujao watapima makohozi yako. Yakiwa safi Dada anaweza kuja, madirisha yawe wazi, mlale vyumba tofauti. Mama, hilo siyo jambo la kubahatisha, wameshawatibu watu wengi.

Wewe unamlinda na maradhi, sawa. Nani anamlinda na wewe? Unajifanya mwamba, na yeye anadhani mama yake amemtupa mara ya pili. Niruhusu nimwandikie mistari miwili tu.

Mwanao,
Mahadeva

*

Maralakoppalu, 9 Februari 1994

Mahadeva,

Hapana.

Nitakwambia kilichotokea hapa, kisha usiniulize tena. Wiki mbili hizi mabinti wameanza kuanguka. Asubuhi unawakuta chini ya mkwaju, mabawa yametandazwa, macho wazi, na juu makinda yanalia. Daktari wa mifugo alipasua mmoja, tumbo limejaa minyoo. Kijiji kikakaa kikao. Wazee wakasema mabinti wetu wamepata uzazi mgumu, basi tuwafanyie kama tunavyomfanyia binti yeyote mwenye uzazi mgumu. Jumanne wakaja wote uani kwangu: ngoma, zumari, taa, wanawake wakiimba nyimbo za kumsindikiza mzazi. Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Puttaswamy aliyevunjika nyonga aliletwa kwa mkokoteni. Watu walikuwa wanalia, Mahadeva.

Ngoma ya kwanza ilipopigwa, mti mzima ulinyanyuka. Mti ulibaki mtupu, mayai yakidondoka kama embe zilizoiva. Mimi nilikuwa nimeisoma barua ya dada yako, mimi peke yangu nilijua. Nilipiga kelele wanyamaze mpaka damu ikanijaa kwenye upindo wa sari, mbele ya watu wote. Wengi wa ndege hawakurudi.

Tuliwaua kwa kuwapenda. Sasa unaniambia daktari anasema "kwa kawaida". Dada yako si wa kwa kawaida. Amewahi kupoteza, damu yake iko chini, amevimba miguu. Huyo daktari hakukaa chini ya mkwaju huu Jumanne.

Kempamma siku hizi anaweka chakula changu juu ya ukuta na kurudi nyuma kabla sijatoka. Ananiuliza kwa mbali, "Umekula, dada?" Namjibu nimekula. Nimemwapisha asiandike Pune, ingawa kuandika kwenyewe hajui. Sasa yai lililobaki ni la Veni, na mimi ndiye ngoma. Sitaki kusikia tena.

Mama

*

Maralakoppalu, 11 Februari 1994

Veni,

Hakuna aliyesema kitu. Ni shauri langu mwenyewe. Mambo ya viwavi ni kama nilivyokuandikia.

Barazani hapalaliki. Kaa huko, ule vizuri, ufuate maneno ya daktari wako. Maini ya mbuzi huongeza damu.

Ningamma

*

Pune, 22 Februari 1994

Mama,

Maini ya mbuzi. Asante.

Leo ndiyo ilikuwa niwe nimekaa uani kwako na bangili mpaka kiwiko. Mama yake Datta alinivisha za kioo alizonunua stesheni, akaziimbia kwa Kimarathi, nami nikatabasamu kwa sababu yeye hana kosa. Jioni nikazivua zote.

Kila msimu kijiji kizima kinaacha ukwaju uoze juu ya mti ili ndege wasiojua hata majina yenu wazae kwa amani. Mnaongea kwa kunong'ona. Mnafunga mbwa. Nilikua nikiona fahari kwa sababu hiyo, na ndiyo iliyonifanya nisomee kazi hii. Kumbe ili nipokewe kwenu ilibidi niote mabawa.

Mabinti zako wako mkwajuni. Huna mwingine. Sitakuandikia tena.

Nagaveni

*

Maralakoppalu, 4 Aprili 1994

Dada Veni,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, nimechukua likizo. Telegramu ya Datta ilifika Alhamisi asubuhi. MTOTO WA KIKE. SALAMA. Nilimsomea Mama. Akauliza, "Salama nani?" Nikasema wote wawili, ingawa karatasi haikusema. Akaniambia niende posta nikahakikishe hakuna mstari uliosahauliwa. Nilikwenda, yule karani akanicheka.

Dada, Mama anasema uje. Anasema sasa uje upesi, mara tu daktari atakapokuruhusu kupanda treni, na mlete mtoto. Lakini ameweka sharti, nami nakuandikia kama alivyolisema. Mkifika msiingie ndani. Msimame uani, chini ya mkwaju, na umnyanyue mtoto amwone. Yeye atakaa mlangoni. Chakula chenu na maji mtaletewa nje, na mtalala kwa Kempamma.

Najua jambo hili linavyosikika. Nimemwomba aliseme kwa namna nyingine, amekataa. Nakusihi usiniulize sababu, niliapa. Njoo tu. Kama umewahi kuniamini katika jambo lolote tangu tukiwa watoto, niamini katika hili, na usichelewe.

Mdogo wako,
Mahadeva

*

Pune, 14 Aprili 1994

Mahadeva,

Msomee Mama barua hii, neno kwa neno.

Baba mkwe wangu ana miaka sabini na mbili. Alipokuwa mtoto alisimama kwenye ua wa watu kama sisi, akakinga viganja, akamiminiwa maji kutoka juu. Ananisimulia bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya zamani. Jana alimbeba mwanangu, akamwambia, "Wewe hutasimama uani kwa mtu." Hakujua kwamba barua yako ilikuwa chini ya mto wangu.

Sasa mama yangu, aliyeniandikia kwa mkono wake kwamba Datta atakula pale alipokula baba, anataka nimsafirishe mtoto wa wiki mbili usiku kucha ili nimnyanyue chini ya mti kama kuku wa kuuza, naye amtazame kutoka mlangoni asije akaguswa. Tutaletewa maji nje. Ungeniambia hata kama yatakuwa kwenye kifuu.

Mwambie sitakuja. Mwambie mwanangu ana jina, na hatalijua. Mwambie nilimzaa kwa kupasuliwa, nikapoteza damu nyingi, na nilipoamka nilimwita yeye, mjinga mimi, badala ya mume wangu. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho. Ndege wenu wana bahati. Hawajui kusoma.

Nagaveni

*

Maralakoppalu, 3 Mei 1994

Dada,

Mama amefariki. Ilikuwa Jumapili iliyopita, kabla ya mchana. Mshipa ulipasuka kifuani, na haikuchukua muda. Tulimzika jioni ile ile shambani kando ya baba, kama desturi yetu. Sikukupigia telegramu kwa sababu jambo hili haliingii kwenye telegramu, na kwa sababu niliogopa. Sasa nimefunguliwa kiapo, nitakwambia yote.

Mama alikuwa na kifua kikuu, mapafu yote mawili. Aligundua Desemba, siku chache baada ya kupata ile barua yako kuhusu ghala na walinzi. Viwavi wa hariri hawakuwapo. Chumba cha nyuma kilikaa kitupu na chokaa yake mpya, kimefungwa, na yeye mwenyewe hakukanyaga humo tena asije akakiacha kichafu. Alisema ukija utaambukizwa, na ukijua utakuja, au utakaa huko ukiogopa mpaka mtoto atoke. Akaona bora umchukie. Nilimwambia daktari alivyosema, kwamba baada ya muda wa vidonge haambukizi. Mwisho wa Februari walipima makohozi, yalikuwa safi. Hakuamini. Aliwaamini ndege wako kuliko daktari.

Ulipozaa, hapo ndipo alipolegea. "Ameshamaliza kulalia," alisema, "walinzi wake watarudi." Lakini kwa ajili ya mtoto bado aliogopa, ndiyo sababu ya uani. Alitaka upepo upite kati yenu. Alipima yeye mwenyewe kwa hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye mti, akapumzika mara mbili njiani, akaniambia nisogeze kigoda. Maji ya nje yalikuwa kwa sababu vyombo vya ndani alikuwa amevitumia yeye. Nilimwambia, Mama, wale ni watu wa Datta, watalielewa vingine. Akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuliwaza. Dada, kwa kweli hakuwa amewaza. Alikuwa anafikiri juu ya kikohozi tu. Akasema, "Basi atakasirika zaidi. Akija nitamweleza." Ndivyo alivyotegemea, kwamba utakuja kumgombeza.

Sina la kukulaumu. Barua ile niliiandika mimi, na mimi ningeweza kuvunja kiapo. Kila siku naamka na jambo hilo kabla sijafumbua macho.

Yako ilifika siku nne kabla hajafa. Sikutaka kumsomea. Alinisoma usoni, akasema nisome na nisiruke hata neno. Nikamsomea yote: kuku wa kuuza, kifuu, mara ya mwisho. Nilikuwa nalia nikisoma. Nilipomaliza nikadhani nimemuua.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikilia mabega. Kisha akajifuta mdomo akasema, "Msikie anavyotukana. Mtu mwenye damu kidogo hatukani hivi. Mwanangu amepona."

Akaniomba niisome tena tangu mwanzo, nami nikaisoma.

Mdogo wako,
Mahadeva